Nywele za Mtoto wa Mlimani

Bi Masouda alishampa mjukuu wake jina kabla Mwanakheri hajakaa vizuri kwenye kochi.

"Akiwa mwanamume ni Bakhit, jina la marehemu bwana'angu. Akiwa mwanamke, Masouda. Nna haki hiyo au sina?"

Mwanakheri akasema anayo, ingawa alikuwa hajui bado anazungumziwa mjukuu gani. Alipigiwa simu asubuhi ile aje Bawshar, pale Muscat, mbio mbio, akadhani ni mambo ya dhahabu. Kwenye majumba makubwa ya Bawshar dhahabu hupotea sana, akasingiziwa mfanyakazi, na ikitafutwa sawasawa aghlabu huonekana kwa mtoto wa nyumba. Mwanakheri alikuwa afisa wa upelelezi wa polisi mpaka alipostaafu. Kazini wakimwita Khayriya, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, lakini kwa watu waliotoka Unguja alibaki na jina alilopewa na bibi yake. Siku hizi familia hizo humwita kwa mambo wasiyotaka yafike kituoni, naye huja, maana kukaa nyumbani kunamchosha.

Hapakuwa na dhahabu. Bi Masouda alisogeza sinia lililofunikwa kitambaa, akakifunua kwa vidole viwili. Palikuwa na kifuko cha sufu kilichofumwa kwa rangi nyekundu na nyeusi, picha moja, na shungi la nywele nyeusi lililofungwa utepe. Alisema vimetoka kwenye sanduku la Mutasim, mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa ajali ya gari akirudi kutoka Qantab, sasa yapata miezi minne. Mkewe, Nasriya, alikuwa bado eda ndani ya nyumba ile ile. Ijumaa eda ingekwisha, ingesomwa khitma, na ukoo wote ungekuwepo.

Kwenye picha Mutasim alikuwa amevaa joho zito la sufu la watu wa milimani na kofia ya kufunika masikio, anacheka mpaka macho yamefumba. Kando yake palikuwa na mwanamke wa makamo yake, mashavu mekundu kwa baridi, nywele misuko miwili. Baina yao alisimama mtoto mdogo, kichwa kimenyolewa ovyo ovyo. Nyuma yao mlima ulikuwa na theluji juu.

"Nywele za akika hizo, za kunyolewa siku ya saba," alisema Bi Masouda. "Nani anaweka nywele za mtoto mchanga ila baba yake? Mwanangu kenda huko Peru mara mbili. Mara ya mwanzo, miaka saba nyuma, kakaa na watu wa milimani, kaoa. Mara ya pili, juzi juzi hapa, kenda kumtazama mtoto. Hesabu hiyo ngumu?"

Haikuwa ngumu, na hilo ndilo lililomtia Mwanakheri wasiwasi. Hata hivyo aliziangalia zile nywele na moyo ukamrudi nyuma bila ya yeye kutaka. Aliiona nyumba ya bibi yake Malindi ya Unguja siku ya maulidi, watu wamesimama wanasoma, mtoto anapitishwa mikononi juu ya mto mweupe, kila mzee anakata unywele mmoja, na shangazi mmoja anapita na mrashi kuwarushia marashi. Watu wa mtaa mzima walikuwa wakiingia bila kubisha hodi. Alikuwa mdogo sana walipoondoka, lakini harufu ile ya marashi na udi bado aliijua, na alikuwa na hamu nayo hata sasa, akiwa na nyumba yenye baridi ya mashine kila chumba.

Akajikohoza, akauliza Bi Masouda anataka nini hasa. Bibi akasema anataka mtoto apatikane, na apatikane kabla ya Ijumaa, ili awatangazie watu. Habari za mirathi hazimshughulishi.

"Nataka wajue mwanangu alikuwa mzima. Hakuwa na upungufu wowote, mwanangu."

Mwanakheri alikuwa hajauliza kuhusu upungufu. Alilishika neno lile akaliweka, akaomba ruhusa alipeleke lile shungi dirishani kwenye mwanga.

Alivaa miwani, akaligeuza. Lilizidi urefu wa kiganja chake. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi mkali, sawa sawa. Upande wa pili kila unywele ulikuwa unasinyaa mpaka ukapotea, mwembamba kuliko uzi. Jambo hili alifundishwa na daktari wa maiti katika kesi yake ya mwanzo: unywele ukishakatwa hata mara moja, ncha ile ya kuzaliwa nayo hairudi tena. Basi hizi zilikuwa nywele za tumboni kweli, hazijapata kuguswa na mkasi. Lakini za mtoto wa siku saba hazikamatiki hata kwa vidole. Mwenye nywele hizi alikuwa ameshatembea, ameshasema, na pengine ameshagombana na wenzake.

Akamwambia bibi hivyo. Akaongeza kwamba Mutasim, kwa jinsi watu wanavyomsifu kwa sala zake, asingemwacha mtoto wake mpaka nywele zifike mabegani.

"Basi kachelewa tu," alisema Bi Masouda. "Huko Ulaya nani wa kumkumbusha?"

Mwanakheri akamweleza kuwa Peru si Ulaya. Bibi akasema kote ni kule kule, na akafunika sinia.

Mwanakheri akamfuata Nasriya jikoni. Ndiye aliyeleta kahawa, na kwa namna alivyoliweka birika mezani, polepole, Mwanakheri alijua kwamba kila neno amelisikia. Alikuwa mwanamke mrefu, hajafika arubaini, amevaa nguo isiyo na pambo na mikono haina hata pete. Hakuwa analia. Alikuwa anamenya viazi, na alimsogezea mgeni kisu kingine bila kumwuliza, Mwanakheri naye akaanza kumenya.

Alisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma jambo alilolizoea. Miaka ya ndoa yake yote hakupata hata mimba ya kuharibika. Amenyweshwa makombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, mpaka tumbo likamwuma. Amefungwa hirizi kiunoni, amesuguliwa tumbo na kila mkunga. Amepelekwa India, hospitali kubwa, na daktari akamwambia hana kitu, akaomba amwone mume. Mutasim akasema ndege yao kesho asubuhi, hapana wakati. Waliporudi, watu wakasema ni amri ya Mungu, na wakimaanisha Nasriya. Bi Masouda alikuwa akilisema hilo harusini, msibani, popote penye watu zaidi ya wawili. Mara mbili alimtafutia mwanawe mke wa pili, na mara mbili Mutasim alikataa.

"Alisema, Nasriya ananitosha. Mbele ya mama yake, Bi Kheri. Wanawake wa ukoo mzima walinionea wivu, wallahi."

Hapo tu ndipo sauti yake ilipopanda kidogo. Mwanakheri aliinamia kiazi chake.

Akamwuliza kuhusu safari ya mwanzo. Nasriya akasema mume aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alikuwa mtu wa ofisi, anapelekewa kila kitu alipokaa. Aliporudi alianza kuingia jikoni, akikaa chini, akimenya viazi. Akisema kule mgeni hakai tu akatazama wenzake wakifanya kazi. Akisema maisha yake yote mama amemsimulia Unguja ya zamani, nyumba zisizofungwa milango, watu wakijengeana na kupikiana, na yeye alikuwa akidhani ni hamu ya mkongwe tu. Kumbe watu wa namna hiyo wapo, wapo juu ya milima, na wanakula viazi asubuhi, mchana na usiku. Mama yake hakupenda kusikia Unguja yake inafananishwa na mahali pa viazi.

"Kama mtoto yupo, nitamlea," alisema Nasriya. "Lakini sitaki kuambiwa Ijumaa mbele ya watu. Kama mimi ndiye mwenye ila, nijue leo. Utaniambia na mimi, au utamwambia mama peke yake?"

Mwanakheri akamwambia atamwambia yeye pia, sawa sawa na atakavyomwambia mama, hata likiwa chungu. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Alimaliza viazi vyake, akanawa, akaondoka.

Rafiki aliyesafiri na Mutasim aliitwa Wael, mhandisi, na alikuwa akikaa Azaiba. Walikutana alasiri kwenye mkahawa wa barabara kubwa. Wael alichagua meza ya nyuma kabisa, akaiweka simu kifudifudi, akaanza kusifu tabia za marehemu. Mwanakheri aliagiza chai ya karaki, ya maziwa na iliki, akanyamaza. Hii ilikuwa njia yake ya zamani: mtu anayeficha jambo huogopa kimya kuliko maswali. Chai ilikuwa haijapoa Wael akaanza mwenyewe.

Alisema walikwenda kutalii, wakachoka na hoteli, wakasikia kuna vijiji vya milimani vinavyopokea wageni majumbani. Wakapanda gari, kisha wakapanda kwa miguu, mpaka kijiji kiitwacho Wayrapata. Wageni pale hugawiwa kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, ili pasiwe na nyumba ya kujivunia wageni wala ya kunyimwa. Wao waliangukia kwa mtu anaitwa Saturnino. Nyumba ya udongo, vitanda vya ngozi za kondoo, panya wa kufugwa wanapita miguuni jikoni. Wael aliumwa na kichwa siku tatu kwa ule ujuu wa mlima. Wenyeji wakamletea chai ya majani yao ya koka, na yeye na Mutasim wakakaa kitandani wanabishana kama ni halali, mpaka chai ikapoa.

"Siku ya nne tulikuwa shambani tunachimba viazi," alisema Wael, na uso ukamlegea. "Hawakutuomba. Walitupa majembe tu, yaani kama watoto wao. Kila siku shamba la mtu mwingine. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Saa ya kula wanatandika nguo chini, kila mwanamke anamwaga viazi vyake pale pale katikati, hujui cha nani kipi. Mimi sijalala vizuri namna ile tangu hapo. Nakwambia kweli, nikiwa kwenye foleni ya magari hapa nakumbuka ile baridi."

Walitaka kukaa siku mbili, wakakaa wiki tatu. Mwanakheri akamwacha akumbuke, kisha akamwonyesha picha. Wael akaitazama, akaegemea kiti. Akasema marehemu alimwambia, uliyoyaona hapa usiyaseme Muscat.

"Aliyekwambia hayo tushamzika," alisema Mwanakheri. "Mkewe yupo hai, na Ijumaa atavuliwa nguo mbele ya watu. Uliona nini?"

Wael aliona harusi. Hivyo ndivyo alivyosema. Siku moja kabla ya kuondoka alikwenda mji wa bondeni kutafuta dawa, akarudi jioni akakuta uwanja wa nyumba umejaa. Mutasim amevishwa nguo za kwao, ameketishwa mahali pa heshima na yule mwanamke, Eusebia, ambaye Wael, asiyejua lugha yao, alimdhania dada wa Saturnino. Vipande vya karatasi za rangi wamemwagiwa kichwani, mbele yao nguo imetandikwa na sinia juu yake, watu wanapita mmoja mmoja wanatoa tunza. Filimbi na ngoma. Mutasim analia machozi, na mwanamke anamshika mkono. Aliyeingia pale angesema nini kingine?

Mwanakheri alikubali kuwa angesema harusi. Ndipo alipouliza swali ambalo Wael hakulitarajia: yule mtoto kwenye picha ni nani?

"Mtoto wa hapo nyumbani. Urpi. Wa kike."

"Ulimkuta, au alikuja baadaye?"

"Tulimkuta. Siku ya mwanzo alinificha kiatu."

"Alikuwa amenyolewa?"

Wael alifikiri. Hapana, alisema. Nywele zake zilikuwa zimefika mabegani, hazikupata kuchanwa, zimeshikana. Yeye alijisemea moyoni, watu wa hapa hawajui kuchana watoto. Siku ya harusi ndiyo alimwona kichwa kiko vile.

"Safari ya mwanzo hiyo? Una hakika?"

"Mimi nimekwenda hiyo moja tu."

Basi hesabu ya Bi Masouda ikaanguka pale pale, juu ya meza ya mkahawa. Mtoto aliyewaficha watu viatu siku ya kuwasili hawezi kuwa wa mtu aliyewasili siku hiyo. Na lile shungi lilikuwa lake, limekatwa jioni ile, mbele ya watu. Wael aliivuta picha karibu. Miaka saba alikuwa amebeba siri ya ndoa ya rafiki yake, akamkwepa Nasriya kila wakikutana, na hakupata kumtazama mtoto hata mara moja. Alisema yeye alikuwa akimtazama bibi harusi.

Mwanakheri alimwomba nambari ya Saturnino. Wael alikuwa nayo kwenye simu, hajapata kuipiga.

Kesi nusu ilikuwa imekwisha, na mpelelezi mvivu angerudi Bawshar. Lakini Mutasim alilia kwa nini? Na kwa nini Muscat wasijue, ikiwa hakuna ndoa wala mtoto? Isitoshe lilikuwepo lile neno la Bi Masouda asubuhi, mwanangu alikuwa mzima. Mwanakheri alikuwa ameona akina mama wengi wakiwatetea watoto wao, na kwa kawaida hutetea pale wanapojua panavuja.

Kwa Kihispania alimtafuta Fulgence, Mchaga wa Moshi, msimamizi wa mapokezi kwenye hoteli moja ya hapo hapo Azaiba. Kabla ya kuja Oman alikuwa akipandisha Wahispania Kilimanjaro, na lugha aliipata mlimani. Alikubali mara moja. Walikaa ofisini kwake, mlango umefungwa, simu katikati ya meza. Kule kulikuwa ni asubuhi.

Saturnino alipokea akiwa nje. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, na mbwa anabweka. Aliposikia jina la Mutasim alicheka kwa furaha, akasema maneno mengi kwa mpigo, na Fulgence akatabasamu kabla hajatafsiri.

"Anauliza, ndugu yake yuko wapi? Kwa nini hapokei simu? Urpi ameanza darasa jipya, anataka kumwonyesha."

Mwanakheri alikuwa amewapa watu wengi habari ya namna ile, na hajapata njia nzuri. Alisema moja kwa moja. Fulgence akaligeuza. Akasikika Saturnino anamwita mkewe, Eusebia, kwa lugha yao, na mwanamke akalia. Walingoja. Fulgence alikuwa anatazama ukuta, akasema taratibu kwamba na yeye nyumbani kwao kuna mlima wa theluji, na mwaka huu baba yake alizikwa yeye hayupo.

Saturnino aliporudi alijibu kila alichoulizwa. Kule kwao, alisema, mtoto hanyolewi mpaka akue. Nywele za tumboni huachwa, hazichanwi, mpaka wazazi wamchague mtu wa kuzikata. Mtu huyo hukata shungi la mwanzo mbele ya watu na kutoa tunza, na wengine hufuata mmoja mmoja. Tangu siku hiyo yeye ni mzazi wa pili, na kwa baba na mama wa mtoto ni ndugu wa maisha. Ndiyo maana Mutasim alirudi mara ya pili. Mtu wa namna hiyo lazima arudi. Hata kinywaji alikikataa siku ile kwa dini yake, akakimwaga chote chini, na wazee wakafurahi sana, maana wao humwagia ardhi tone tu na walidhani mgeni ameiheshimu kuliko wao.

Mwanakheri alitabasamu. Aliona tena ule mto mweupe, na wazee wa Malindi na mikasi yao. Akauliza kwa nini Mutasim alilia.

Saturnino akaeleza kwa kirefu. Fulgence alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hili sijui kama ni langu kulisema."

"Si lako. Ni lake yeye. Wewe sema tu."

Walipomwomba ashike mkasi, Mutasim alikataa. Alisema, kwa Kihispania alichojifunza kabla ya safari, wachague mtu mwenye mkono wa heri, kwa sababu yeye hatazaa kamwe. Alipokuwa na miaka kumi na tatu aliugua matubwitubwi, yakashuka mpaka sehemu za uzazi. Daktari alimwambia mama yake kitandani pale pale, akidhani mtoto kalala. Mama yake alipomwona macho yamefunguka alileta msahafu, akamwapisha kwamba jambo lile litakuwa baina yao wawili mpaka kufa. Hajapata kumwambia mtu. Aliwaambia wao kwa kuwa wako mbali na hawajui hata jina la mama yake. Eusebia akamjibu kuwa hiyo ndiyo sababu hasa ya kumchagua. Mtu asiye na wa kwake atakuwa na mkono mtupu wa kumshika wa kwao. Hapo ndipo alipolia, akashika mkasi.

Kabla ya kukata simu Saturnino aliuliza jina la mama yake Mutasim. Siku ya maiti wao huwaandalia chakula waliokufa, na kwa Mutasim wangeandaa, lakini ilifaa wamtaje na mama. Mwanakheri akamwambia anaitwa Masouda. Kule ng'ambo wakalijaribu jina lile vinywani mwao.

Kesho yake asubuhi alirudi Bawshar. Bi Masouda alikuwa kwenye baraza ya ndani, amevaa vizuri, na kuna mtu ameshaulizwa bei za tiketi. Mwanakheri alimwomba amwite Nasriya. Bibi akasema hakuna haja. Mwanakheri akasema basi atangoja, akakaa, na Nasriya akaitwa.

Alianza na nusu ya kwanza. Mtoto alikuwepo kabla Mutasim hajafika. Ana baba na mama, na wote wawili wanamlilia Mutasim. Nywele ni za heshima aliyopewa mgeni. Ndoa haikuwepo. Nasriya alifumba macho, akashusha pumzi. Bi Masouda alibaki ameukodolea macho mlango, kama aliyengoja mtu akaambiwa hatakuja. Machozi yakamshuka bila sauti, na Mwanakheri alimhurumia kweli.

"Basi mwanangu kenda hivi hivi," alisema bibi baadaye. "Hakuacha kitu. Mimi nlimwambia aoe. Mara mbili nlimwambia. Mti usiozaa unaukumbatia wa nini, nlimwambia."

Nasriya aliinamisha kichwa, kama alivyozoea kukiinamisha kila mwaka. Mwanakheri aliona, na huruma yake ikahama kiti.

"Bi Masouda," alisema, "Mutasim aliwaambia wale watu kwa nini alilia. Aliwaambia habari ya matubwitubwi. Utasema wewe, au nseme mimi?"

Bibi alishika mkono wa kochi. Aliangalia dari, akaangalia mikono yake, akamwangalia mkwewe kwa muda mrefu. Hakukana. Alisema daktari alikuwa Mhindi, kijana, na huenda alikosea. Alisema alikuwa mjane, mgeni kwenye nchi hii bado, na mwana mmoja, na ungesikika ule uvumi nani angempa mke? Alisema alipoziona zile nywele alisema alhamdulillahi, kumbe daktari alikosea kweli, kumbe hakumdhulumu mtoto wa watu. Miaka yote ile, alisema, alikuwa akiomba daktari awe amekosea, na mke wa pili alimtafuta kwa tumaini hilo hilo.

"Na yeye akijua?" aliuliza Nasriya.

"Akijua."

"Nilipopelekwa India, akijua. Nilipokunywa makombe, akijua."

Nasriya alikaa na mikono mapajani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini ile ile ya jikoni, lakini ilikuwa inakatika.

"Mimi kila nikisali nilikuwa namwombea, mama. Kwa kuwa alikataa kunitia ukewenza. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe mke wa pili naye asingezaa, na watu wangejua."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kwa sauti. Bi Masouda aliteleza kutoka kwenye kochi, magoti yake ya uzee yakagonga zulia, akamshika miguu.

"Nsamehe, mwanangu. Nsamehe."

Nasriya hakuivuta miguu. Alimwacha aishike mpaka kilio chake mwenyewe kikapungua, akajifuta uso kwa upande wa ushungi, akamwinua bibi kwa mikono miwili na kumrudisha kwenye kochi taratibu, kama anavyoinuliwa mtu mzima.

"Msamaha huo niombe Ijumaa, mama," alisema. "Mbele ya wale wale uliowaambia sizai."